Harufu ya Samli Chini ya Boneti

Kabla Landrova haijazimwa, Kasyoka ameshainua pua. Kwamba mpira unaungua, kila mtu kwenye uwanja wa gereji anasikia. Lakini nyuma ya harufu hiyo ipo nyingine, nyembamba, kama ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Ni samli.

Anaendelea kusugua spana kwa mafuta taa, macho chini.

Ni asubuhi ya siku ya msafara mjini Garissa, mwaka huu wa 1966. Tangu vita vya shifta vianze, magari ya kwenda bara hayaendi peke yake. Hujipanga karibu na daraja la Tana, askari mbele na askari nyuma, na adhuhuri huondoka. Gari lako likiwa bovu saa hiyo, utangoja msafara mwingine.

Landrova hii haiwezi kungoja. Kiti cha nyuma amelala Faduma, mama yake dereva Abdille, mguu umevimba hadi gotini. Daktari amesema apelekwe Nairobi upesi, na kibali chake cha kusafiri ni cha leo tu.

Kiti cha mbele ni cha Kasyoka. Baba yake, fundi Mutiso, amemwombea nafasi hadi Mwingi, kwa shangazi yake. "Mji huu si wa msichana siku hizi," anasema Mutiso. "Risasi haina adabu." Sanduku la mbao la binti yake liko mlangoni tangu jana.

Kasyoka ana miaka kumi na tisa. Shule aliiachia darasa la tano, mama yake alipofariki, akaja Garissa kumpikia baba. Siku moja alitumwa kuosha plagi. Hakurudi tena jikoni ila wakati wa kupika.

"Breki hizo zimeng'ang'ania," Mutiso anakata shauri. Anagusa gurudumu la kwanza, la pili, yote manne. Yamepoa. Anachungulia kama tairi linasugua bodi. Halisugui.

Ndipo Kasyoka anapofungua boneti. Anapitisha kidole kwenye puli ya feni, anakinusa, anamnyooshea baba yake.

"Samli," anasema, kwa sauti ndogo, kama anakiambia kidole chenyewe.

Abdille anacheka. "Abaayo, dada yangu, hapa gereji, si jiko!"

Mutiso ananusa, kisha anamtazama dereva. "Abdille, umepika nini humu?"

Kicheko kinakatika. Abdille anakuna shingo. "Mzee, huyo mkanda wa feni alikuwa analia tangu Modogashe. Njia ile, gari ikilia, watu wa porini wanasikia mbali. Nikampaka subag, samli yetu, kidogo. Kamba ya ngozi ya ngamia ikilia si tunapaka subag? Inanyamaza."

"Ala!" sauti inatoka kiti cha nyuma. "Mimi nauliza subag yangu imekwenda wapi! Mtoto mwizi!"

Hata Kasyoka anacheka, mkono mdomoni.

Ngozi hupenda samli. Mkanda wa feni hauipendi. Ule ulikuwa unalia kwa kulegea. Ulipopakwa mafuta ukateleza, puli ikazunguka bila kuushika vizuri, mpira ukapata moto na kuanza kuungua. Ungekatika njiani, na maji ya rejeta yangechemka mahali ambapo hakuna anayetaka kusimama.

Kasyoka anautoa. Umekuwa mgumu, unang'aa kama kucha. Anasugua puli kwa majivu, maji ya moto na sabuni ya kipande, mara mbili, mpaka kidole hakitelezi. Ukutani unaning'inia mkanda uliotolewa kwenye Landrova iliyokufa. Anauvisha. Mutiso anasukuma dainamo kwa nondo ili mkanda uvutike, na Kasyoka anakaza boliti. Anaubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Unabonyea kidogo tu, kisha unagoma.

"Washa," Mutiso anasema.

Injini inanguruma. Wote wanangoja. Mkanda haulii. Kasyoka anainama juu ya injini, anavuta pumzi. Vumbi, petroli, chuma cha moto. Harufu ya mpira haipo tena.

"Ahsante, fundi," anasema Faduma kutoka dirishani.

"Karibu, mama," Mutiso anajibu.

"Si wewe. Huyo."

Honi ya msafara inalia upande wa darajani. Abdille anakaa kwenye usukani. Mutiso analiinua sanduku na kuliweka nyuma ya gari. "Haya, mwanangu, panda. Askari hawangoji mtu."

Kasyoka hasogei. Mikono yake ni myeusi hadi viwikoni, na bado ameushika mkanda ulioungua. Katika miaka yote aliyokaa na baba yake hajawahi kumjibu ila "ndiyo". Wateja wengi hawajui hata sauti yake.

"Anaogopa safari?" Abdille anauliza.

"Nyamaza wewe," mama yake anamwambia. "Mwache aseme."

Kasyoka analifuata sanduku, analishusha, analiweka chini kati yake na baba yake. Anamtazama usoni.

"Baba, hata mimi risasi naiogopa," anasema. "Lakini sitaki kwenda kupika kwa shangazi. Nataka kubaki hapa, vita viishe nikiwa hapa, na mimi niwe fundi."