Jiwe la ng'ombe kwenye tangi la Chacha

Leo nimefukuzwa sebuleni kwa ajili ya samaki!

Mjukuu wangu Chacha anafuga samaki na matumbawe ya baharini kwenye tangi la kioo hapo sebuleni. Hapa Kewanja, bahari iko wapi?

Asubuhi kapima maji, kalalamika: "Bibi, madini yamepungua, matumbawe hayakui." Akaenda kazini.

Yeye mwenyewe aliniambia matumbawe ni wanyama. Na kwetu mnyama akikosa madini anapewa jiwe la chumvi alambe. Nikatumbukiza lile jekundu la ng'ombe wangu.

Maji yakawa mekundu pyu.

Chacha kurudi, kelele! Akahamishia samaki kwenye ndoo. "Bibi, unaniulia samaki!"

"Nimeua nani? Si hao wanaogelea?"

Nyie mngemwacha mnyama ateseke? Semeni!

Jiwe nimelirudisha zizini. Ng'ombe wanalilamba, hakuna aliyenifokea.