Fidla Nyuma ya Mashine ya Unga

Kosa lilikuwa la mikono yao au la mwalimu? Kwa wiki tatu swali hilo lilininyima usingizi. Wanafunzi wangu wanne wa fidla walitoa sauti ileile, mluzi mwembamba kama birika linaloanza kuchemka. Mmoja akikosea, ni yeye. Wote wanne wakikosea namna moja, basi wamefundishwa vibaya, na mwalimu wao alikuwa mimi.

Fidla ziliachwa katika kanisa letu la Butembo na mmisionari aliyeondoka vita vilipoanza. Sasa kanisa la Beni lilikuwa limeziomba. Mchungaji aliniambia kwa upole kwamba zikisikika hadi benchi la mwisho siku ya sadaka ya mavuno, zitabaki. Zisiposikika, zitapanda lori. Nilikuwa nimemaliza chuo bila kupata kazi. Sikuwa na kitu kingine cha kumfundisha mtu.

Nililegeza vidole gumba vilivyokakamaa. Nilimsimamisha kila mmoja mbele ya kioo auone upinde ukitembea sambamba na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Mbele yangu waliweza. Wiki iliyofuata walirudi na mluzi wao, upinde umeteleza tena kuelekea vidole vya kushoto, ambako uzi haudai uzito wa mkono. Niliandika sababu kumi na moja kwenye daftari, saba kati yake zikinihusu mimi.

Mwishowe nilimfuata mmoja wao nyumbani kwake Bulengera, mama muuza vitenge, nimwone akifanya mazoezi. Alifunga mlango, akafunga dirisha, akaziba upenyo wa chini kwa blanketi, ndipo akachukua fidla. Upinde ulielea tu juu ya nyuzi. Nilimwuliza kwa nini hauegemezi kwenye nyuzi.

"Mwalimu, basoda banapitaka hapa inje. Bakisikia muziki, banasema kuko fête. Banaingia kuomba bia."

Alishusha upinde, akatega sikio kama kuna askari nje, akaendelea.

"Na nitabaambia nini? Kama siye ni Baprotestanti, bia hakuna? Batasadiki?"

Tulicheka. Lakini nilipowauliza wengine, wote walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Siku sita mkono ulijifunza kuogopa, siku moja mimi niliusahihisha. Hapo nikapata hofu mpya: nikiwaambia wavute kwa nguvu, na askari wakaingia kwa mtu, je?

Nililizungusha hilo kichwani siku mbili. Siku ya tatu nilipeleka mihogo kusagisha, na mwenye mashine alinisemesha mara tatu nisimsikie. Nilitoka hadi barabarani. Hata pale mlio ulifunika kila kitu; askari asingesikia fidla. Nyuma ya mashine kulikuwa na chumba cha magunia. Nilirudi kumwomba, nikajieleza mno, mpaka akanikatiza.

"Donc unataka chumba tu. Kamata."

Jumamosi asubuhi walikuja wote wanne. Niliwaambia wausogeze upinde karibu na daraja na kuacha mkono mzima upumzike juu yake. Mwanzoni hawakusikia fidla zao kabisa. Yule mama alikunja uso, akaongeza uzito, akavuta polepole, upinde mzima kutoka mkononi hadi ncha. Sauti nene ikatokeza juu ya injini. Akasimama, akatutazama. Nilimwambia arudie, na wale watatu wakainua pinde zao.