Nora na Geji ya Kaka Yake

Kibao cha nje ya karakana, pale Turwa, kimeandikwa TUNAPIMA PRESHA, na kibao hicho kimemtesa Nora kuliko kazi yenyewe. Kila siku ya mnada mzee fulani huingia, akaketi, akakunja mkono wa shati. Nora humwamkia shikamoo, kisha humweleza kwamba presha inayopimwa hapa ni ya mitambo, aende zahanati. Wengine hubisha. "Mashine si hiyo hapo?" husema, wakinyooshea kidole pampu ya mafuta iliyofungwa mezani.

Pampu yenyewe ni ndogo, ya mkono, na ina nongwa. Upande mmoja hufungwa geji ya mteja, yaani kipimo cha presha chenye mshale, upande wa pili geji ambayo fundi Maftah, mwenye karakana, anaiamini. Mpini ukisukumwa, mafuta hubana zote mbili sawasawa, na mshale wa mteja ukisema tofauti, basi unadanganya. Sharti utoe hewa kwanza, usukume polepole, na spana isiguse nati mpaka presha ishushwe. Mambo hayo Nora ameyaimba mpaka koo limekauka. Tatizo lake ni wanaume. Hajamwona bado wa huku anayeweza kumtazama mwanamke akisukuma mpini na mikono yake ikatulia.

Wiki iliyopita aliingia kaka yake, Waitara, msimamizi wa kompresa, mtambo wa kusukuma upepo, machimboni. Alikuja na geji mkononi na haraka usoni. Shimo limesimama, alisema, na hiyo kazi ni ya dakika moja. Nora akaifunga geji, akaanza. Hajasukuma mara mbili, Waitara akampokonya mpini, akausukuma kama anayejaza tairi la baiskeli.

"Kaka, taratibu."

"Nguvu ninazo."

"Sijakuuliza nguvu."

Mishale ikaruka, na penye nati mafuta yakaanza kuchuruzika kwa uzi mwembamba, kuuona ni shida. Waitara akapeleka kidole auzibe. Nora akampiga mkono kwa mpini wa bisibisi, na hakupiga kidogo. Uzi ule huingia nyamani kama sindano, na aliyechomwa nao anaweza kukatwa kidole. Lakini Waitara hakuuona uzi. Aliona mdogo wake wa kike amempiga mbele ya wateja. Akaketi akisugua mkono.

Nora akashusha presha, akakaza nati, akaanza upya. Geji ya Maftah iliposema kumi na moja, ya Waitara ilisema nane. Tangi la upepo la kompresa halitakiwi kuvuka kumi, nao walilijaza mpaka nane ya geji hiyo.

"Tangi lenu linazidishwa, na wewe unashinda ubavuni mwake," Nora alisema. "Likipasuka hatutapata cha kuzika."

"Mwaka mzima linafanya kazi. Nipe geji yangu."

Nora alimbembeleza asubiri Maftah arudi na geji mpya kutoka Mwanza. Wapi. Sikio la kufa halisikii dawa. Ndipo Nora akafanya lile analowakataza wengine. Aliitenga geji ya Maftah kwa kufunga koki yake, akavaa miwani, akamwambia kaka yake arudi nyuma, akasukuma mpaka mshale wa Waitara ukapita alama ya mwisho, ukagonga kikomo, ukapinda. Aliposhusha presha, mshale haukurudi.

"Sasa haifai," alisema, na moyoni alijiona amemwokoa. Tangi lenye tundu pale geji ilipotolewa halishiki upepo. Waitara aliondoka bila kuaga.

Jioni Nora alimpigia, simu haikupokelewa. Akampigia Athanas, anayefanya kazi naye shimoni. Nyuma ya sauti ya Athanas palikuwa na ngurumo.

"Tumeziba tundu kwa bolti, dada. Mashine inapiga kazi kuliko jana."

Jana walikuwa na geji ya uongo. Sasa hawana hata ya uongo. Nora alimsihi Athanas azime. Athanas akacheka, akasema hayo amuulize msimamizi, yaani Waitara, kisha akakata.

Hajaweka simu chini, mama yao akapiga.

"Ni kweli umempiga kaka yako mbele za watu?"

"Ni kweli, mama. Mpigie, mwambie azime ile mashine."

"Mwambie mwenyewe."

"Hapokei simu yangu."

"Ungemwomba msamaha kwanza," mama alisema, "angepokea."