Moshi wa Kumzika Caz

Mganga hajigangi. Arlene Hutnik alitumia nusu ya umri wake akiwatengenezea pumzi watu asiowajua, na pumzi ya mumewe mwenyewe ikamshinda.

Kiwanda alichofanyia kazi kiko mwisho wa mji, kando ya mto, na kinachotoka humo ni masega. Si ya asali. Ni masega ya udongo mgumu uliochomwa tanuruni, yenye matundu membamba kwa maelfu. Yanakaa ndani ya bomba la moshi la gari, yakanasa masizi na sumu kabla havijafika puani mwa mtu. Kazi ya Arlene ilikuwa kuliinua kila sega mbele ya taa na kuchungulia. Akiona doa jeusi anajua tundu limeziba, analiweka kando. Kazi hiyo ilimlipia nyumba, ikamsomeshea mwana, tena ikaurudishia uhai mji uliokuwa umeshaanza kufungasha virago. Bila masega, duka la mikate la barabara kuu lingekuwa gofu, na shule nayo.

Mumewe, Casimir, ambaye watu wote walimwita Caz, alikuwa fundi wa malori ya dizeli. Baridi ya huko haina mzaha. Theluji inafika madirishani, gereji inafungwa milango yote, na injini zinanguruma humo humo ndani. Caz aliuvuta moshi huo miaka nenda miaka rudi. Jioni alirudi na uso mweusi, na Arlene alimfuta mlangoni kwa kitambaa kibichi kabla ya kumruhusu kugusa kochi.

"Mmeyavisha magari soksi mdomoni," Caz alikuwa akimtania. "Lori lisilotoa moshi utajuaje kama lina uhai?"

"Wewe endelea kuunusa tu. Utakuja kukohoa mpaka roho."

Laiti angejua, angeuuma ulimi wake. Mafundi vijana waliokuja baadaye, malori yalipokwisha kuwekewa masega, walirudi makwao na leso safi. Caz leso zake zilikuwa nyeusi, na mapafu yake hayakungoja mabadiliko. Alimalizia siku zake sebuleni, kitandani, mrija wa oksijeni puani.

Sasa, mafundi wa dizeli wa pale wana desturi yao. Akifa mwenzao, wanapanga malori na pikapu zao nje ya uzio wa makaburi, zile kuukuu na zile walizozing'oa masega kwa kificho. Jeneza likianza kushuka, wanakanyaga mafuta wote kwa pamoja mpaka hewa inakuwa nyeusi. Kwao hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Caz aliitaka tangu ujana, na mwanawe Darryl, ambaye pikapu yake haikuwa na sega, alikuwa ameshamwahidi.

Arlene hakutaka hata kuisikia. Juma lile la mwisho alirudi na sega moja lililokatika pembe, lisilofaa kuuzwa. Akamwekea Caz mikononi, akamwambia alielekeze dirishani achungulie. Caz alichungulia kwa muda mrefu.

"Matundu yote haya yanapitisha hewa?"

"Yote."

"Na mimi sina hata moja." Akalia, na kulia kwenyewe kukamkaba. Alipotulia akasema, "Arlie, waambie wazime. Siku yangu wazime magari. Moshi nimeshiba."

Hakulimaliza juma.

Darryl alipoambiwa hakuamini. "Ma, hayo ni maneno yako. Umeuchukia moshi tangu sijazaliwa. Baba aseme wazime? Baba yupi?"

"Nakuapia, mwanangu. Kaniambia kwa kinywa chake."

"Acha, Ma. Humziki mzee wangu na soksi mdomoni."

Neno hilo lilimkata maini. Utani wa mumewe, alioupenda miaka yote, umerudishwa kwake kama kofi. 

Siku ya maziko theluji ilikuwa bado imelala makaburini. Jeneza lilipoanza kushuka, Darryl aliinua mkono dirishani mwa pikapu, na injini zikanguruma. Moshi ulitanda juu ya maua, ukatangulia kuingia kaburini kabla ya udongo. Arlene alijifunika mdomo kwa shali. Aliwaona wale wanaume kwenye usukani, wengine wakibubujikwa machozi. Walimpenda Caz, na hapo ndipo uchungu ulipozidi, maana hakuwa na wa kumchukia.

Lori moja tu halikunguruma. Gus Pelkey, aliyefanya kazi gereji moja na Caz toka ujana wao, alikuwa amechelewa kufika kutoka mbali. Aliegesha nyuma ya wenzake, akazima. Darryl akateremka, akamwendea.

"Vipi, mzee Gus, gari nalo limekufa?"

"Baba yako alinipigia simu kabla hajafa. Sauti hata haitoki. Akasema tuzime." Gus aliyatazama yale malori yaliyokuwa yakinguruma. "Nilijua mama yako atakuwa amewaambia."

Darryl alimgeukia mama yake, aliyesimama peke yake kando ya kaburi. Kisha akakimbia kwenye mstari wa magari, akipiga boneti moja baada ya nyingine. "Zimeni! Jamani, zimeni!" Injini zikaimeza sauti yake. Gari la mwisho lilipozimwa, jeneza lilikuwa limeshafika chini.

Akamjia mama yake, uso mweusi kwa masizi, machozi yamechora mistari.

"Ma," alisema.

Arlene alitamani kumpiga. Alitamani sana. Badala yake akatoa kitambaa mkobani, akakichovya kwenye theluji safi iliyobaki nyuma ya jiwe la kaburi, akamfuta uso taratibu, kama alivyomfuta baba yake jioni zote zile mlangoni. Alipomaliza ndipo alipomruhusu amkumbatie.