Aliyenikanyagia Breki Masama

Kama wewe ni mtu wa kusikiliza huku unacheka pembeni, bora ukanywe chai yako. Hili ninalosimulia sikulisikia kwa jirani wala kwa shemeji wa jirani. Lilinipata mimi, saa kumi jioni, nikiwa sijaonja hata tone la mbege, na spana ikiwa mkononi. Mke wangu amenikataza kulisema gereji, eti linafukuza wateja. Nalisema hata hivyo, maana kunyamaza kumenichosha.

Mimi ni fundi breki. Gereji yangu iko Rau, pembeni mwa mji wa Moshi. Sijisifu, lakini breki za magari mengi hapa mjini zimepita mikononi mwangu, na mdomo wangu haukuwahi kukosa jibu la kumtuliza mteja. Huo mdomo ndio ulioniponza.

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao ukungu wa mlimani hushuka mpaka kwenye migomba na watu hushinda na masweta. Kijana mmoja wa Masama anayeitwa Ombeni alinipigia simu. Alikuwa amenunua gari la spoti, dogo, jekundu, milango miwili, chini kiasi kwamba ukiingia unakuwa kama umekalia kigoda. Lilikuwa zuri kwa macho, na lilikuwa limezeeka. Alipolipandisha kwao, gurudumu moja lilitoa moshi njia nzima.

Nilikwenda kuliona siku ya Jumanne. Kalipa zake, yaani vile vyuma vinavyobana diski ili gurudumu lisimame, zilikuwa zimechoka. Pistoni zilikuwa zimeota kutu na mipira ya ndani inayozuia mafuta ya breki yasivuje ilikuwa imekauka. Kalipa mpya za gari lile mpaka uagize nje, na bei yake usiulize.

"Fundi, mpya siziwezi," Ombeni aliniambia. "Nifufulie hizi hizi. Jumamosi dada yangu Ndeshi anaolewa, na hili ndilo litakalomshusha kanisani."

Kanisa lao liko chini. Kutoka nyumbani kwao ni mteremko mtupu, kona juu ya kona, na upande mmoja korongo ambalo ukitupa jiwe husikii lilipoangukia. Naijua ile njia. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Na hapa niseme jambo, kwa sababu watu hudhani fundi akitengeneza cha zamani anachakachua. Si kweli. Kalipa iliyochakaa unaweza kuirudisha ujanani kwa gharama ndogo. Unaifungua, unaisukuma pistoni itoke kwa upepo wa kompresa, unasugua kutu kwa msasa laini sana, unaosha, unapaka grisi pini zake ili ziteleze, unaweka mipira mipya. Ukipenda unapiga na rangi ya kuvumilia moto. Chuma hakifi haraka. Kinachokufa ni mpira, na mpira ndio wa bei rahisi. Kazi yote iko hapo.

Nilizibeba kalipa zote nne mpaka Rau nikafanya hayo yote, na nilifanya vizuri, niamini. Mpaka Alhamisi jioni, nilipokuwa naingiza mpira wa mwisho kabisa, wa kalipa ya mbele kushoto. Nilikuwa na haraka. Nikausaidia kwa ncha ya bisibisi, ukachanika.

Mipira ile huuzwa kwa seti, na seti nyingine ilikuwa mpaka itoke Arusha. Harusi ilikuwa keshokutwa. Ungefanya nini? Mimi nilikwenda kwenye ndoo ya takataka nikautoa ule mpira wa zamani. Nikauosha kwa petroli, ukang'aa, nikaurudisha. Kila fundi anajua kuwa petroli huvimbisha mpira kisha ukaoza. Nami nilijua. Nikajisemea kuwa mteremko ni mara moja tu, utafika, halafu wiki ijayo nitaubadilisha kimyakimya.

Ijumaa mchana nilipanda Masama na kalipa zangu zinang'aa kwa rangi nyekundu. Ombeni akazishika, akafurahi kama mtoto. Mama yake, mjane mwenye maneno machache, akaniletea mtori kwenye bakuli, nikala nikishindwa kumtazama machoni. Bibi harusi mwenyewe akapita akanitania, "Fundi, kesho maisha yangu yako mkononi mwako." Nikacheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga hawakukosea.

Mpaka saa tisa nilikuwa nimefunga kalipa zote. Wenyeji wakapanda pikapu ya jirani kwenda mazoezi ya harusi kanisani. Nikabaki peke yangu uani, na ukungu ukashuka mzito hata mlango wa jiko siuoni.

Ilibaki kutoa upepo. Ukishafungua breki, hewa huingia kwenye mabomba, na lazima uitoe la sivyo pedali inakuwa laini kama godoro. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, mwingine anachuchumaa kwenye gurudumu na spana. Wa chini anasema "kanyaga", wa juu anakanyaga na kujibu "nimekanyaga". Wa chini anafungua nati ndogo, hewa inatoka na mafuta, anafunga, anasema "achia", wa juu anajibu "nimeachia". Hamwonani, mnasikizana tu. Katika haraka zangu sikukumbuka kumzuia hata mtu mmoja abaki.

Nilikuwa nawaza hilo ndipo mzee akatokea kwenye migomba. Alikuwa na koti refu la kahawia, la kizamani. Nikadhani ni baba mdogo au mjomba aliyekuja kwa harusi, maana nyumba za harusi hujaa wazee usiowajua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alikuwa peku. Julai, Masama, kwenye ukungu ule, peku! Niliona, nikapuuza. Wazee wetu wagumu.

Akaninyooshea kitu kwa mikono miwili. Lilikuwa sale, jani refu la kijani, limefungwa fundo. Kama hukuzaliwa huku mlimani nikueleze: sale lenye fundo ni ombi lisilokataliwa. Kwa jani hilo watu waliomwagiana damu husameheana. Ukilipokea, umetoa neno lako, na neno hilo husikilizwa na walio hai na wasio hai. Mimi nililelewa na bibi aliyenifundisha hayo kabla sijajua kusoma.

"Nakuomba, fundi," alisema. "Binti ashuke salama."

Unajua nilifanyaje? Nililipokea kwa mkono mmoja, wenye grisi, nikalisokomeza kwenye mfuko wa ovaroli kama risiti ya dukani.

"Usiwe na shaka, baba. Mipira yote ni mipya."

"Yote?"

"Yote, mpaka wa mwisho. Unaweza kunisaidia kukanyaga breki?"

"Ndicho kilichonileta," alijibu, akazunguka upande wa dereva. Nilisikia kiti kikilalamika.

Tulianza nyuma kushoto. Kanyaga. Nimekanyaga. Achia. Nimeachia. Alikuwa msaidizi mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao, hakutangulia wala hakuchelewa. Tukaenda nyuma kulia, kisha mbele kulia. Kwa utaratibu, kwa zile za mbele ningeanza na ya kushoto, iliyo mbali zaidi na dereva, lakini niliiacha ya mwisho. Moyo wangu ulikuwa unaikwepa.

Nikachuchumaa hapo mbele kushoto.

"Kanyaga."

Nikagonga gurudumu kwa spana.

"Baba, kanyaga."

"Na huu?" sauti ikauliza kutoka ndani ya gari. "Huu nao ni mpya?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, mtu mzima nimeulizwa mara mbili. Nikasema, "Ni mpya, baba."

"Nimekanyaga."

Nikafungua nati, mafuta yakatoka, nikafunga. "Achia."

Hakuachia. Nikasikia kalipa ikilia, mlio mwembamba wa chuma kinachobanwa kupita kiasi. Nikasema tena achia, kwa sauti kubwa. Tone la mafuta likajitokeza pembeni mwa pistoni, kisha la pili, kisha yakaanza kutiririka kwenye rangi yangu nyekundu na kudondoka ardhini. Mpira ulikuwa umekatika mbele ya macho yangu.

"Baba, achia! Achia!"

"Siachii."

Niliruka nikasimama, nikatazama ndani kupitia kioo. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Kitupu, nakuambia! Lakini kilikuwa kimebonyea katikati kama kinavyokuwa mtu anapokikalia, na pedali ya breki ilikuwa imelala chini kabisa, imegandamizwa sakafuni, na juu yake kuna tope la unyayo.

Sitakudanganya kuwa nilikuwa jasiri. Nilikimbia mpaka barabarani, na hapo ndipo wenyeji waliponikuta wanarudi, nimeshika mti wa kahawa kama mlevi.

Mama wa nyumba aliniuliza kuna nini. Sikuweza kueleza, nikatoa lile sale mfukoni. Alipoliona akashuka kwenye pikapu.

"Nani kakupa?"

"Mzee mmoja. Ana koti la kahawia."

"Hapa mwanamume ni Ombeni peke yake, tangu baba yao atutoke." Akalichukua lile sale. "Alikuwa na viatu? Mume wangu tulimzika peku."

"Hapana, mama."

Akaelekea kwenye kihamba, shamba la ukoo lililo nyuma ya nyumba, tukamfuata. Kaburi la mumewe liko pale kati ya migomba, na masale yamepandwa kichwani pake. Shina moja lilikuwa limekatwa jani, na utomvu ulikuwa bado mbichi. Hakulia. Aligeuka akanitazama, akaniuliza swali ambalo mpaka leo hunikosesha usingizi.

"Ulimjibu nini?"

Nilisema. Nilisema yote pale pale, mbele ya Ndeshi na kaka yake, kuhusu bisibisi, ndoo ya takataka na petroli. Ndeshi aliziba mdomo kwa kanga. Ombeni alinikunja shati, na kama si mama yake angenipasua. Sikumlaumu. Nilikuwa tayari kumtupa dada yake korongoni ili nisionekane nimekosea.

Wanaume watatu wa jirani walijaribu kuinyanyua ile pedali kwa mikono, ikakataa. Magurudumu mengine yalikuwa yamebanwa, gari halisogei mbele wala nyuma. Kesho yake Ndeshi alishuka kanisani kwa pikapu ya jirani, imefungwa maua na majani ya migomba, akafika salama na akapendeza.

Jumatatu nilipanda tena na seti mpya niliyoifuata mwenyewe Arusha. Hakuna aliyenikaribisha chai. Nikafungua kalipa ile, nikaweka mpira mpya kwa vidole, taratibu, bila bisibisi. Mama alisimama mlangoni akiangalia tu. Nilipomaliza kufunga nikachukua sale jipya, nikalifunga fundo, nikalipeleka kaburini kwa mikono miwili. Nilimwambia mwenye kaburi kuwa nimekosa, na kwamba sasa mipira yote ni mipya kweli.

Nikarudi nikachuchumaa kwenye gurudumu.

"Achia, baba."

Pedali ikapanda polepole, nikaisikia springi yake. Na sauti ikanijibu, si kutoka garini safari hii, bali nyuma ya sikio langu, karibu kiasi cha kuhisi pumzi.

"Nimeachia."

Gari lile linatembea mpaka leo na breki zake ni salama. Ombeni hajawahi kunisalimia tena. Mimi naendelea na kazi, lakini si yule fundi wa zamani. Kila mteja ninamkabidhi mipira yake ya zamani mkononi, aihesabu. Wengine hunicheka. Na si hilo tu. Mara moja moja, hapo Rau mchana kweupe, nikiwa chini na msaidizi amekaa juu, mafuta huanza kusukumwa kabla sijasema kanyaga. Msaidizi huapa kuwa mguu wake uko pembeni. Hapo naweka spana chini, nafungua kazi yote upya, na kila mara nalikuta kosa langu.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, fundi akikuambia ameweka vipya, mwambie akuonyeshe vya zamani. Na wewe fundi mwenzangu, ukiwa umechuchumaa kwenye gurudumu la mtu na moyoni unajua ulichokificha, ukasema "kanyaga" ukajibiwa, nakuomba usifungue nati. Nyanyuka kwanza utazame ni nani aliyekujibu.