Bunduki Iliyoliliwa Kutoka Masimba

Agosti 1971 tulimpoteza Baba, tukamzika kwetu Gesima. Bunduki yake ya leseni ilibaki Nakuru alikokuwa mlinzi wa shamba, nami nikatakiwa kuipeleka polisi Kisii itunzwe.

Niliitoa risasi, nikaipaka mafuta isishike kutu, nikaifunga kwa shuka jeupe. Ndani ya lori la abiria la kwenda Kisii niliipakata isigongwegongwe.

Tulipofika Masimba akapanda mama mmoja. Akalitazama shuka, akanitazama.

“Pole, mwanangu. Ni mtoto?”

Nilitikisa kichwa kukataa, lakini machozi ya kumlilia Baba yakanitoka. Kutaja bunduki mbele ya abiria niliogopa. Mama akaangua kilio, abiria wengine wakakipokea, wakaimba nyimbo za mazishi hadi Kisii. Nami, Mungu anisamehe, niliitikia.

Niliposhuka walinifuata. “Hatukuachi peke yako!”

Nikakata kona kuelekea polisi.

“Kumbe aliuawa!” mmoja akanong'ona, kilio kikazidi.

Askari wa mlangoni alivua kofia. “Poleni sana. Marehemu ni nani?”

“Ni bunduki, afande.”

Kilio kilikatika ghafla. Askari akavaa kofia yake.