Barua Juu ya Kabati

Kila Ijumaa baada ya swala baba alituwekea ile filamu yake ya Kihindi, ya msichana anayempenda mpiga ngoma maskini ilhali baba yake keshamwahidi kwa mwingine. Nyumbani kwetu Rasbura hakuna aliyejua Kihindi. Baba alitutafsiria kwa kubuni, tena kwa kujiamini sana, na mimi na mama tulibangua korosho zetu bila kumbishia.

Mwaka ule filamu hiyo ilinichoma. Tangu nikiwa mdogo, baba alikuwa amemwahidi kaka yake wa Miteja kwamba nitaolewa na mwanawe. Nami nikampenda mwalimu wa shule ya kijijini Sudi. Mshenga wake alileta barua ya posa, imefungwa ndani ya leso nyeupe kama ilivyo ada. Baba akampa chai na maneno mazuri, kisha akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Barua ambayo haijafunguliwa haijakataliwa wala kukubaliwa, basi hakuna wa kulaumiwa. Ikakaa wiki sita, leso ikashika vumbi. Sikumsukuma. Nilimpenda mwalimu na nilimpenda baba, na nilikuwa nimeanza kujizoesha kuiwazia Miteja.

Ijumaa moja tukafika pale baba wa msichana anapomaliza kusoma barua ya mpiga ngoma, msichana anapiga magoti, na baba yake anageuza uso. Baba akasonya.

"Mzee huyu ana roho mbaya. Mtoto analia mbele yako, unamnyima hata neno?"

Mama hakuinua macho kwenye korosho. "Huyo angalau barua aliisoma," alisema.

Filamu ikaendelea hadi mwisho bila mtafsiri. Ilipokwisha baba akaniambia, "Niletee miwani. Na ile barua."

Niliishusha kwa mikono yenye masizi ya korosho, nikaichafua leso. Aliisoma mara mbili. Kesho yake alikwenda mwenyewe Miteja kuomba radhi. Baba mkubwa alinuna msimu mzima, ila harusini alikuja, akala pilau kuliko wote.

Sasa wanangu ndio wanaokaa naye Ijumaa. Filamu ni ileile. Msichana anapiga magoti, baba yake anageuza uso, na baba yangu anawatafsiria wajukuu bila kupepesa macho: "Hapo anamwambia, haya mwanangu, niletee miwani."

Wanamwamini. Mimi naenda jikoni kufuta machozi, kisha namletea chai.